Usinunue Dawa ya Kukonda: Ilani kwa Wanawake wa Moi's Bridge

Tunatoa kijitabu hiki kwa sababu malalamiko yamezidi. Vidonge na chai za kukonda zinauzwa sokoni kwa vipaza sauti, na wanunuzi wengi ni wanawake wenye shida ambayo hawajamweleza mtu.

Shida yenyewe ni hii. Mama anashinda njaa ili apungue. Usiku, watoto wakishalala, anakula chapati, ugali wa kiporo, mkate mzima, mbio mbio mpaka tumbo linauma, na kujizuia hawezi. Kisha aibu inamshika, na kesho anajinyima tena. Hali hii ikitokea angalau mara moja kwa wiki kwa miezi 3, madaktari huitambua kuwa ugonjwa. Daktari Albert Stunkard wa Marekani aliieleza mwaka 1959. Si uroho, wala si kurogwa.

Si ugonjwa wa Wazungu pia. Huko Marekani wanawake weusi huupata kama weupe, ila hutibiwa kwa nadra zaidi. Hapa kwetu Mnandi, Mluhya, Mkikuyu, Mkisii na Mturkana wanasaga mahindi kwenye mashine moja. Kuna boma ambako mama mnene husifiwa kwamba anatunzwa, na kuna boma ambako huchekwa. Kote kuwili, anayekula kwa siri hakuna anayemuuliza.

Sasa sikilizeni: msinunue dawa hizo. Sibutramini, dawa ya kukonda, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuhatarisha moyo na kuleta kiharusi, lakini bado hukutwa imefichwa ndani ya dawa zinazodaiwa kuwa za mitishamba. Chai ya kuharisha hutoa maji na chumvi mwilini. Mafuta hubaki palepale. Na njaa ya mchana ndiyo inayochochea ulaji wa usiku. Tunarudia: msinunue, hata kama muuzaji ni jirani.

Tiba ipo: mazungumzo na mshauri aliyefunzwa, pamoja na kula kwa saa zinazojulikana, staftahi ikiwemo. Anza kwenye kituo cha afya. Ikibidi utapewa rufaa kwenda Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Mambo ya bima ya afya ya SHA muulize karani, ukiwa na kitambulisho.

Kama umeshameza dawa hizo za kukonda, usione haya. Ukihisi moyo unakwenda mbio au kifua kinabana, nenda hospitali mara moja, na ubebe kopo la dawa hata kama ni tupu.