Soma Ugomvi Kwanza, Kanuni Baadaye

Orodha ya kesi za mikataba ikishatolewa darasani, wengi hukimbilia madesa. Humo kila kesi imebanwa kwenye mstari mmoja: Carlill, tangazo laweza kuwa ofa; Hadley, fidia ya hasara iliyotarajiwa; Balfour, ahadi za mume na mke si mkataba. Mtu anaimeza mistari hiyo, anaingia kwenye mtihani, anakutana na swali la muuza simu wa Kariakoo aliyetangaza bei Instagram, na kalamu inagoma. Desa lilimwambia nani alishinda, halikumwambia alishindaje.

Kwa hiyo, kabla ya kutafuta kanuni, tafuta ugomvi. Nani anamdai nani, anamdai nini, na mwenzake anakataa kwa hoja gani? Hilo la tatu ndilo wanafunzi wengi hulipita mbio, ilhali ndilo lenye mali.

Chukua hiyo hiyo Carlill dhidi ya Carbolic Smoke Ball Company. Mwaka 1891, wakati mafua makali yanawatesa watu wa Uingereza, kampuni ilitangaza gazetini kwamba itampa pauni 100 yeyote atakayetumia kifaa chake cha kuvuta moshi wa dawa mara tatu kwa siku kwa wiki mbili, kisha akaugua mafua. Ikaongeza kuwa imeweka pauni 1,000 benki kuonyesha haitanii. Bi Carlill akanunua, akatumia kama alivyoelekezwa, akaugua, akadai chake. Kampuni ikajibu: lile tangazo ni mbwembwe za biashara tu, hakuna mtu anayeweza kufunga mkataba na dunia nzima, huyu mama hakutuarifu kwamba amekubali, tena hakutupa chochote badala ya ahadi yetu. Hebu linganisha utetezi huo na mtaala wako. Nia ya kufungwa kisheria, ofa, ukubali, konsidaresheni: mada nne za muhula mzima zimo ndani ya utetezi wa kampuni moja iliyokuwa inakwepa kulipa. Mahakama ya Rufani ilizijibu zote, na kila jibu linajitegemea.

Ukishafika hapo, ondoa jambo moja uone kama hukumu bado inasimama. Tuseme hakukuwa na zile pauni 1,000 benki. Majaji walizitaja walipokuwa wanakataa hoja ya mbwembwe, kwa hiyo bila hizo kesi inakuwa ngumu zaidi kwa mama, ingawa si lazima ashindwe. Sasa mrudie muuza simu wetu. Yeye ameweka picha na bei, basi. Hakuahidi zawadi, hakuweka masharti ya kutimizwa, hakuonyesha kuwa yuko tayari kufungwa na kila atakayejitokeza. Hapo anasogea kwenye kesi ya Boots ya 1953, ambako dawa zilizopangwa kwenye rafu zilihesabiwa kuwa mwaliko kwa mteja aje atoe ofa, na muuzaji hufungwa pale anapoikubali. Jibu la mtihani limeanza kujiandika.

Soma hukumu yenyewe, si muhtasari wake. Ushauri huu kila mhadhiri huutoa na karibu kila mwanafunzi huupuuza, hivyo nitoe sababu. Katika Hadley dhidi ya Baxendale ya 1854, mhimili wa mtambo wa kinu cha kusaga nafaka pale Gloucester ulivunjika. Wenye kinu wakawapa wasafirishaji wa Pickford waupeleke Greenwich ukatumike kama kielelezo cha kutengenezea mpya. Mzigo ukachelewa kwa siku kadhaa, kinu kikakaa bure, na wenye kinu wakadai faida waliyoikosa. Muhtasari uliowekwa juu ya ripoti ya kesi unasema karani wa wasafirishaji aliambiwa kwamba kinu kimesimama. Mwanafunzi makini lazima ashtuke: kama aliambiwa, mbona wenye kinu walishindwa?

Shuka kwenye maneno ya Jaji Alderson. Anasema walichoelezwa wasafirishaji ni kwamba mzigo ni mhimili uliovunjika wa kinu, na kwamba wanaoutuma ndio wasagaji wa kinu hicho. Basi. Huenda wangekuwa na mhimili wa akiba, msafirishaji angejuaje? Hukumu imejengwa juu ya kutokujua huko. Mwaka 1949, katika kesi ya Victoria Laundry, Jaji Asquith alisema wazi kwamba muhtasari ule unapotosha, na kwamba kama mahakama ingeukubali ukweli ule uamuzi ungekuwa kinyume. Ikiwa muhtasari wa ripoti yenyewe unaweza kumpoteza msomaji, sijui desa la mwaka wa pili lina dhamana gani.

Kwa mwanafunzi wa Tanzania lipo jambo jingine, na hapa ndipo alama nyingi hupotea. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, iliandikwa kwa kufuata ile ya India ya 1872. Vitabu vingi vilivyo kwenye rafu za maktaba ni vya Uingereza na vinafundisha sheria yake. Usifungue kesi yoyote bila kifungu husika kuwa pembeni. Mfano: katika Tweddle dhidi ya Atkinson, ya 1861, mahakama ya Uingereza ilimkatalia bwana ambaye baba mkwe wake alikuwa ameahidi kumpa fedha kwa kuwa yeye mwenyewe hakutoa kitu. Ukiiandika hiyo kama sheria ya Tanzania umeteleza, maana kifungu cha 2 kinasema konsidaresheni yaweza kutolewa na aliyeahidiwa au mtu mwingine yeyote. Kesi inayokufaa ni Chinnaya dhidi ya Ramayya, ya Madras, 1882. Mama alimpa binti yake ardhi kwa sharti kwamba ampe ndugu wa huyo mama fedha kila mwaka. Binti akatia saini ahadi kwa ndugu huyo, kisha akagoma kulipa akidai ndugu mwenyewe hajampa kitu. Mahakama ikasema ardhi ya mama inatosha. Mwenzako anayesoma Nairobi atajibu tofauti, kwa sababu Sura ya 23 ya Kenya inachukua kanuni za mikataba za Uingereza. Wote wawili mtakuwa sahihi.

Kadhalika kuhusu watoto. Mohori Bibee dhidi ya Dharmodas Ghose ya 1903 ndiyo ya kukaa nayo: kijana aliye chini ya umri alikopa kwa kuweka nyumba rehani, na Baraza la Mfalme (Privy Council) mjini London likasema mkataba wa mtoto ni batili tangu mwanzo. Angalia pia majina: mkopeshaji alikuwa Brahmo Dutt, na Mohori Bibee aliingia baada ya kifo chake. Majina ya kesi hayasemi kila mara nani alifunga mkataba na nani.

Hukumu za Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Tafuta namba ya kifungu badala ya neno la jumla, usome mbili tatu za karibuni uone majaji wetu wanazitumiaje kesi hizi za zamani. Ya Mahakama ya Rufani inaifunga Mahakama Kuu. Ya Uingereza ya leo inashawishi tu. Liandike hilo pembeni ya jina la kesi.

Daftari lenyewe lisiwe refu. Nusu ukurasa kwa kesi: ugomvi, hoja ya aliyeshindwa, sababu ya jaji kwa maneno yako, kifungu. Kisha msimulie mtu asiyesoma sheria, kwa Kiswahili cha kawaida, bila kutaja kanuni. Akikuuliza “sasa kwa nini hawakumlipa?” na ukakosa jibu, rudi kwenye hukumu.

Na ukikaa mtihanini, jina la kesi lije baada ya hoja. Andika kwanza muuza simu alifanya nini, kisha kifungu, kisha Boots, kisha useme ni jambo gani kwenye swali linaloitofautisha na Carlill. Ukibaki na dakika mbili, zitumie kwa hilo la mwisho.