Ukiulizwa "Una Swali?" Kwenye Usaili

Niliwahi kusailiwa kazi ya kutunza stoo kwenye kiwanda cha kukamua alizeti mjini Singida. Mwishoni mwenyekiti wa jopo alifunika faili, akavua miwani, akasema, "Na wewe, una swali lolote?" Nikajibu sina, nikashukuru, nikatoka. Kazi nilipata. Miezi minne baadaye mbegu ziliisha ghalani, mashine zikazimwa, nikaambiwa nirudi nyumbani hadi msimu ujao. Swali moja tu lingenionyesha hayo mapema.

Wengi tumelelewa tukiambiwa mdogo hamhoji mkubwa. Lakini mkubwa akishasema "uliza", ruhusa umepewa, na kunyamaza hapo si adabu tena.

Hatua ya kwanza: fika getini kabla ya siku ya usaili. Hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote. Kama ni kiwanda cha alizeti, simama upande wa mizani uangalie malori: mangapi yanaingia na magunia, mangapi yanatoka na mashudu. Kunywa chai kwa mama anayeuza maandazi pale nje. Yeye anajua zamu zinabadilishana saa ngapi na ni vijana wangapi walipunguzwa mwezi uliopita. Kama ni mgodi wa dhahabu kule Ikungi, tafuta anayefanya kazi huko akusimulie siku yake tangu alfajiri.

Hatua ya pili: andika maswali matano kwenye daftari, ukijua utauliza mawili. Mengine yatajibiwa katikati ya mazungumzo, na ukiyarudia wataona hukuwa unasikiliza.

Hatua ya tatu: yatoe maswali kwenye yale uliyoyaona. "Kuna changamoto gani hapa?" ni swali la kuwaalika watoe hotuba. Jaribu hivi: "Asante mwenyekiti. Nimeona magunia mengi yamepangwa nje ya ghala. Mvua ikinyesha, mtunza stoo anatakiwa afanye nini?" Au: "Aliyeshika nafasi hii kabla yangu alikuwa anakwama wapi?" Au: "Baada ya miezi mitatu, mtanipima kwa lipi?" Uliza moja, nyamaza, acha wamalize. Angalia pia wanavyotazamana kabla ya kujibu.

Hatua ya nne: mshahara na mkataba. Kwenye usaili wa Sekretarieti ya Ajira usihangaike, ngazi ya mshahara huwa imeandikwa kwenye tangazo. Kwa mwajiri binafsi, subiri mpaka aseme anakuhitaji, kisha uliza bila kuona haya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka akupe kwa maandishi kazi yako, mahali, saa, muda wa mkataba na malipo. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka ni siku 28. Mchango wa NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na wewe hukatwi zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo: "Mkataba ni wa muda gani, na michango ya NSSF inaanza mwezi wa kwanza?" Akijibu "hayo tutaongea mbele ya safari", mwombe kwa upole akuandikie kabla hujaacha shughuli uliyonayo.

Juzi mpwa wangu aliitwa usaili kwenye kiwanda kingine. Tulikaa jioni nzima na daftari, na lile swali ambalo mimi sikuuliza tukaliweka juu kabisa. Zamu yake ilipofika akasema, "Mwenyekiti, mbegu zikiisha, wafanyakazi wa kitengo hiki mnawafanyaje?" Mwenyekiti akamtazama mhasibu, mhasibu akatazama meza. "Tunabaki na watu sita," mwenyekiti akajibu.

Mpwa wangu akaandika sita, akainua kichwa. "Hao sita mnawachaguaje?"