Jumatano: Faragha Iliyovunjika

Soma Marko 6:29-46. Kwa nini Yesu aliwaita wanafunzi wake wajitenge na watu? Ni nini kilichotokea walipofika huko?

________________________________________________________________

Wanafunzi walikuwa wametoka safari ya uinjilisti yenye mafanikio. Walikuwa wamehubiri, wametoa pepo na kuponya wagonjwa. Wakati huohuo habari za kifo cha Yohana Mbatizaji zilikuwa bado mbichi. Marko anaongeza jambo dogo ambalo tunaweza kulipita haraka: watu walikuwa wengi kiasi kwamba hawakupata hata nafasi ya kula. Basi Yesu hakuwaita faraghani kwa sababu walikuwa wamerudi nyuma kiroho. Aliwaita wakiwa katikati ya kazi njema.

Hata hivyo mpango wao ulivunjika. Makutano walikimbia kwa miguu, wakawatangulia. Yesu hakuwafukuza, aliwahurumia, akawafundisha, akawalisha. Lakini angalia alichofanya jioni. Aliwalazimisha wanafunzi wapande chomboni, akawaaga makutano, akapanda mlimani kuomba. Yohana 6:15 inatuonyesha kwamba wakati huo watu walitaka kumfanya mfalme. Aliziacha sifa zao akaenda kwa Baba yake, na hakuwafikia wanafunzi ziwani hadi zamu ya nne ya usiku, yaani karibu na alfajiri. Faragha iliyokosekana mchana aliitafuta usiku.

Wengi wetu tukisikia habari ya kujitenga kwa maombi tunafikiria makambi. Makambi ni baraka, wala hakuna anayependa kuyakosa. Lakini ratiba yake hujaa kuanzia ibada ya asubuhi hadi nyimbo za jioni, na mama anayepikia kundi zima kwa juma zima anaweza kurudi nyumbani akiwa hajapata hata nusu saa ya kuzungumza na Mungu wake. Kanisa linaloandaa siku za maombi lingefanya vyema kujiuliza kwanza: nani atabaki jikoni, na yeye ataomba lini?

Soma 1 Wafalme 19:4-18. Mungu alimfanyia Eliya nini kabla ya kusema naye? Linganisha jibu la Eliya katika fungu la 10 na lile la fungu la 14.

________________________________________________________________

Eliya alilala, akaamshwa, akala, akalala tena, akala tena. Ndipo akatembea siku 40 mchana na usiku hadi Horebu. Mchovu hakukemewa kwa usingizi wake. Huko mlimani aliulizwa swali lilelile mara mbili, naye akatoa jibu lilelile mara mbili, kana kwamba upepo, tetemeko, moto na ile sauti ndogo havikubadilisha kitu. Ombi lake alikuwa amelikariri. Nasi twaweza kwenda mbali, tukafunga na kukesha, kisha tukarudia malalamiko yaleyale tuliyotoka nayo nyumbani, pasipo kunyamaza ili tusikie.

Mungu hakumwacha abaki pangoni. Alimrudisha njiani akiwa na majina matatu: Hazaeli, Yehu na Elisha. Pia alimsahihisha hesabu yake. Eliya alidhani amebaki peke yake, kumbe walikuwapo 7,000. Mwenye uchungu na ndoa yake, au na wazee wa kanisa lake, huenda akatamani mlima ili asirudi tena. Lakini Elisha hakuwa Horebu; Eliya alimkuta shambani, akilima.

Kwa Mjadala:

Ikiwa huwezi kuondoka nyumbani hata siku moja kwa sababu ya mgonjwa, watoto au kazi ya zamu, faragha yako na Mungu inaweza kupatikana saa ngapi na mahali gani? Nani katika darasa lako anaweza kushika kazi zako kwa saa hizo, na wewe unaweza kushika za nani?

________________________________________________________________