Kukimbia Uzito na Kukimbilia Utepe: Mazoezi Mawili Katika Kitenzi Kimoja

Mtu anayeamka saa kumi na moja alfajiri kukimbia ili kitambi kimpungue, na mwenzake anayeamka saa iyo hiyo kujiandaa kwa mbio za masafa marefu, husemwa kwa sentensi moja: "Anafanya mazoezi ya kukimbia." Sentensi hiyo haina kosa la kisarufi. Hata hivyo, inafunika tofauti kubwa, na waliokosa kuitambua wamejikuta ama wamekata tamaa baada ya miezi miwili, ama wameanguka barabarani katikati ya mashindano kwa kuishiwa na nguvu. Makala haya yanadai kwamba kazi hizi mbili haziendi njia moja, na kwamba mafanikio ya moja aghalabu huwa kikwazo cha nyingine. Yanadai pia kuwa msamiati wa Kiswahili una nyenzo za kutosha za kuzipambanua.

Tuanze na kitenzi chenyewe. "Kimbia" ni kwenda kwa miguu kwa kasi, lakini pia ni kutoroka. Kitenzi hiki kinapochukua yambwa, maana ya pili ndiyo hutawala: mtoto anayemkimbia mbwa anamtoroka, hashindani naye. Nomino za watendaji zinathibitisha hali hii. Kiambishi tamati -i cha utendaji hugeuza kuwa z ile l ya kale iliyodondoka mwishoni mwa mzizi, kama katika "nunua" na "mnunuzi", "komboa" na "mkombozi". Kwa kanuni iyo hiyo "kimbia" huzaa "mkimbizi", yaani aliyetoroka kwao. Kiambishi -aji, ambacho huashiria mazoea, hutupatia "mkimbiaji". L hiyo ya kale hurejea katika kauli ya kutendea, "kimbilia", ambayo humpa mtendaji mahali pa kufika. Ndipo tukapata "kimbilio". Kwa hivyo, anayetaka kupungua anakimbia uzito, ilhali anayejiandaa kushindana anakimbilia utepe. Wa kwanza ana kitu anachokiacha nyuma, wa pili ana umbali uliopimwa na siku iliyotajwa. (Ni kweli kwamba etimolojia si fiziolojia, na hakuna misuli inayosoma kamusi. Mgawanyo huu ni wa kusaidia fikra tu.)

Neno lenye manufaa zaidi katika mjadala huu ni "zoezi". Limetokana na "zoea": kufanya mazoezi ni kuuzoeza mwili. Katika matayarisho ya mbio, maana hii ya asili ni sahihi kabisa. Mwanariadha anayekimbia kilomita nyingi kila wiki, akichanganya mbio ndefu za mwendo wa pole, vipande vifupi vya kasi na kupanda vilima, huubadilisha mwili wake hatua kwa hatua. Moyo husukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo, misuli huongezewa mishipa midogo ya damu, miguu hujifunza kukanyaga bila kupoteza nguvu. Matokeo yake ni kwamba kasi iliyomtoa jasho jingi mwezi wa kwanza haimsumbui mwezi wa sita. Anaikimbia kwa oksijeni kidogo zaidi. Mwili uliozoezwa ni mwili bahili, na katika mashindano ubahili huo ni utajiri.

Kwa anayetaka kupungua, ubahili uo huo ni hasara. Kila anavyozoea na kila anavyopungua ndivyo njia ile ile inavyomtoza nguvu chache. Hesabu ya jumla inayotumiwa na wataalamu ni kwamba mtu hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake katika kila kilomita anayokimbia. Mwenye kilo 70 hutumia kalori 70 kwa kilomita, au 700 kwa kilomita 10. Kilo moja ya mafuta ya mwilini huhifadhi kalori zipatazo 7,700. Ikiwa hatabadilisha chochote mezani, itambidi akimbie kilomita 10 mara 11 ili aipoteze kilo hiyo moja. Chupa ya soda ya mililita 300 ina kalori zipatazo 120, kwa hivyo huramba karibu kilomita mbili za jasho lake kwa dakika chache. Fauka ya hayo, kukimbia huamsha njaa, na wengi huona kuwa jasho la asubuhi limewapa idhini ya sahani ya pili.

Hii si hoja ya kumzuia mtu kukimbia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka wa 2020 unapendekeza watu wazima wapate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na manufaa yake kwa shinikizo la damu, kisukari na moyo hupatikana hata mizani isiposogea. Vilevile, mazoezi huwasaidia waliokwisha kupungua wasinenepe tena. Ila kazi kubwa ya kupungua hufanyika jikoni. Kukimbia ni msaidizi, na si lazima kuwe kwa kasi wala kwa saa ya kupimia. Kutembea kwa haraka kunatosha kuanzia, hasa kwa magoti ambayo hayajazoea.

Mambo hugeuka mtu anapotia jina lake katika orodha ya washindani. Mbio za marathoni zina kilomita 42.195. Kwa hesabu iliyotajwa, mkimbiaji wa kilo 60 atatumia zaidi ya kalori 2,500, ilhali akiba ya wanga katika misuli na ini lake ni kama kalori 2,000, pengine chini ya hapo. Mafuta anayo tele, hata akiwa mwembamba, lakini huyeyuka polepole mno kuweza kuhimili kasi ya mashindano peke yake. Ndiyo maana wengi huishiwa na nguvu ghafla baada ya kilomita ya 30, na ndiyo maana mashujaa wa mbio hizi hupokea chupa za vinywaji vyenye sukari njiani. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2004 kuhusu lishe ya wanariadha mahiri wa Kenya ulionyesha kwamba takriban robo tatu ya nguvu walizopata chakulani zilitokana na wanga, na ugali ulikuwa miongoni mwa vyakula vyao vikuu. Kelvin Kiptum hakukimbia Chicago kwa saa 2:00:35 mnamo Oktoba 2023 kwa kuogopa sima.

Hapa ndipo anayechanganya malengo huumia. Anapunguza chakula kwa sababu ya mizani na kuongeza kilomita kwa sababu ya mashindano. Wiki za mwanzo humpendeza, kwa kuwa vyote viwili vinaonekana kusonga. Baadaye usingizi huharibika, mafua hayamwishi, na mfupa wa muundi huanza kuuma. Kwa wasichana hedhi huweza kukatika, dalili ambayo baadhi ya wakufunzi waliwahi kuichukulia kuwa ishara ya bidii. Mnamo 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko kuhusu upungufu wa nguvu kwa wanamichezo, ikafafanua kwamba hali hiyo hudhuru mifupa, homoni na moyo, na kwamba wanaume pia huipata. Anayetaka yote mawili hana budi kuyapanga kwa zamu: apungue kwanza, taratibu, katika miezi isiyo na mashindano, kisha ale vya kutosha mazoezi yanapokuwa makali.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, lipo pia tatizo la istilahi. Kipeperushi cha afya kikimwambia msomaji akimbie "ili akonde", kimemtukana bila kujua. Katika matumizi ya wengi "kukonda" huandamana na ugonjwa, dhiki na huzuni, "Mbona umekonda?" ni swali la kuhurumia, ilhali kuambiwa umenawiri ni sifa. Janga la UKIMWI lilizidisha kivuli hicho: huko Uganda katika miaka ya 1980 ugonjwa huo uliitwa kwa neno la Kiingereza lenye maana ya "mwembamba". Haishangazi basi kwamba "kupunguza uzito" kumependelewa na wanahabari na matabibu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kusikitikiwa kwa kupunguza uzito.

Lakini istilahi hii nayo ina udhaifu. Uzito ni maji, misuli, mifupa na mafuta kwa pamoja. Mkimbiaji aliyerudi na kilo mbili pungufu baada ya mbio ndefu za jua kali amepoteza maji, na atayarejesha kabla ya kulala. Aliyejinyima chakula kupita kiasi hupoteza misuli pia, jambo ambalo mizani haiwezi kulisema. Tukisema "kupunguza mafuta", mama mpishi atadhani anaambiwa kuhusu kikaango. "Shahamu" lipo katika kamusi, ni fupi, na halina utata huo, ijapokuwa linasikika zaidi buchani kuliko hospitalini. Wapo watakaoliona zito kwa kipeperushi cha kijijini, na huenda wana haki. "Mafuta ya mwilini" litafaa huko. Kwa upande wa pili, "mazoezi" yangeachiwa maana yake pana, na matayarisho ya mashindano yakaitwa "mazoezi ya mbio", ili kijana anayesoma ratiba ya wiki kumi na sita ukutani atambue mapema kwamba haikuandikwa kwa ajili ya kiuno chake.