Mdogo Wangu, Diski Kwanza, Sanduku Baadaye

Wadogo zangu, leo nazungumza na mmoja wenu wa Itigi, lakini wengine msiondoke, maana shida yake ni yenu pia. Anapiga picha na video za harusi, sendoff na kipaimara. Mafaili yametapakaa kwenye flashi, memori kadi na laptopu mbili. Sasa anataka seva ndogo ya nyumbani, sanduku moja litulie sebuleni, kila mtu afungue mafaili humo bila kumaliza bando. Ameniuliza anunue prosesa gani.

Wazo ni zuri na nakuunga mkono. Mnakumbuka Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini, nchi nzima ikahangaika na intaneti? Aliyekuwa ameweka kazi zake zote mtandaoni alibaki anaangalia ruta. Kwa hiyo seva weka. Ila swali la prosesa, mdogo wangu, ndilo wanaloanza nalo wote, usione haya. Kugawa mafaili nyumbani ni kazi nyepesi. Intel N100 inaitosha, Core i3 ya mtumba inaitosha, na RAM ya gigabaiti 8 utaiona inabaki. Pesa ikiishia hapo, diski utanunua na nini?

Hebu fikiria mama wa bwana harusi amekuja mwaka mmoja baada ya sherehe. Mzee wake ameshatangulia mbele ya haki, na anachotaka ni ile video mzee akiwapa watoto nasaha. Ukimwambia faili halipo, pesa utamrudishia, sauti ya mumewe huwezi. Halafu Itigi ni mji wa kujuana. Habari itafika stesheni kabla yako. Maji yakimwagika hayazoleki. Ndiyo maana nakugombeza mapema.

Basi bajeti ianzie kwenye diski, na ziwe mbili: moja ya kukaa kwenye seva, nyingine ya nakala, ikae nyumba nyingine kabisa, kwa shangazi Manyoni kwa mfano. Ifunge kwa nywila kabla haijatoka nyumbani. Najua fundi atakwambia uziweke zote mbili ndani ya sanduku, zinakiliane zenyewe. Hiyo inakuokoa diski moja ikifa, basi. Ukifuta folda kwa bahati mbaya, inafutika kote kuwili. Mwizi akibeba sanduku, amebeba zote. Mpiga picha mwenzenu wa Marekani, Peter Krogh, ndiye aliyeieneza kanuni ya nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa mbali na nyumbani. Ukianza na mbili na moja ikawa mbali, sitakusema sana.

Ukienda dukani uliza pia diski inaandika kwa mtindo gani, CMR au SMR. Kwenye SMR mistari ya data inapandana kama mabati ya paa: kubadilisha bati moja ni lazima uinue na ya jirani, kwa hiyo ukiandika na kufuta sana inazidi kuwa nzito. Mwaka 2020 Western Digital walikiri kuwa hata baadhi ya diski zao za WD Red, zilizouzwa mahususi kwa seva za nyumbani, zilikuwa SMR. Kwa nakala ya kwa shangazi hiyo haina neno. Kwa seva yenyewe, tafuta CMR. Na ukiagiza mtumba kutoka Kariakoo, mwambie muuzaji aifungue kwenye CrystalDiskInfo, akutumie picha ya saa ilizowaka na sekta zilizoharibika. Akikataa, hamia duka jingine. Flashi ya terabaiti mbili kwa bei ya soda usiiguse kabisa. Huonyesha nafasi isiyokuwa nayo, na mafaili yanapotea kimyakimya.

Sanduku sasa. Kompyuta kubwa ya mezani iliyokaa stoo inakuita kwa sababu ni ya bure, najua. Lakini ikila wati 60 usiku na mchana, ni karibu uniti 43 kwa mwezi. Nyumba iliyo kwenye D1, ile bei nafuu ya uniti 75, umeshaimalizia zaidi ya nusu. Cha rahisi ni ghali. Zile ndogo za mtumba kutoka Dubai, EliteDesk Mini, OptiPlex Micro au ThinkCentre Tiny, zikitulia hula kama wati 10, yaani uniti 7 hivi. Nyingi zina nafasi ya diski moja ya inchi 2.5 na SSD nyembamba ya mfumo, na kwa nyumba inatosha. Raspberry Pi 4 ni nzuri ila milango yake yote ya USB inagawana ampea 1.2, ukichomeka diski mbili za kuzunguka, moja inaweza kudondoka katikati ya kazi. Na laptopu kuukuu yenye betri nzima, msiidharau. Betri yake ndiyo ulinzi wako umeme ukikatika. Ikivimba tu, itoe.

Umeme ndio ninaouogopa kuliko yote. Ukikatika wakati diski inaandika, faili linabaki nusu, pengine mfumo mzima haufunguki. Nunua UPS hata ndogo, na ile kebo yake ya USB uiunganishe na seva ili ijizime yenyewe. Kuanzia Desemba radi zikianza, ukisikia ngurumo chomoa hata ruta. Kiangazi ni vumbi: usiweke sanduku sakafuni wala nyuma ya kochi, na feni ipulizwe kila mwezi.

Ruta nayo itazame. Milango ya kasi ya megabiti 100 itakupa kama megabaiti 11 kwa sekunde. Harusi ya gigabaiti 50 itachukua zaidi ya saa nzima. Kwa milango ya gigabiti na waya, ni dakika kama nane. Hapo ndipo kasi unayoitafuta ilipo, mdogo wangu, wala si kwenye prosesa.

Ukishafunga kila kitu, usinitumie picha ya sanduku. Nenda Manyoni, chukua ile diski ya nakala, ichomeke kwenye kompyuta ya mtu mwingine, ufungue harusi moja na kuitazama hadi mwisho. Ikifunguka, niandikie.