Neno "bank" si benki tu

London kuna njia fupi ya treni ya chini ya ardhi yenye vituo viwili tu: Waterloo na Bank. Ukishuka Waterloo uko karibu na South Bank, eneo la kumbi za muziki na maonyesho kando ya mto Thames. Ukishuka upande wa pili umefika kituo kilichopewa jina la Bank of England, benki iliyoanzishwa mwaka 1694. Herufi ni zilezile, lakini "bank" ya kwanza ni ukingo wa mto na ya pili ni nyumba ya fedha. Anayejifunza Kiingereza akiing'ang'ania maana moja, atawaona wavuvi wakitupa ndoana mbele ya dirisha la keshia.

Chimbuko la yote ni mzizi mmoja wa lugha za kale za ukoo wa Kijerumani, uliotaja kitu kilichoinuka, kama tuta au kibao cha kukalia. Mzizi huo uliingia Kiingereza kwa njia zaidi ya moja, na kila njia ilileta maana yake.

Njia ya zamani zaidi katika zile zilizoleta "bank" ilitoka Skandinavia, ambayo watu wake walivamia na kisha kuhamia Uingereza. Kufikia miaka ya 1200 hivi neno lilikuwa likitumika kwa maana ya tuta, mteremko na ukingo wa mto. Humo ndimo ilimo West Bank, ambayo watangazaji wetu huiita kwa usahihi Ukingo wa Magharibi, yaani upande wa magharibi wa mto Jordan. Baharini, "bank" ni sehemu ambapo sakafu ya bahari imeinuka na kina kimepungua, mahali pazuri pa samaki. Grand Banks ya Kanada ni maarufu kwa hilo, na Kenya nayo ina North Kenya Banks nje ya pwani yake ya kaskazini. Mwinuko huo ukiwa wa mchanga, wavuvi wa Kiswahili huuita fungu. Muulize yeyote wa Dar es Salaam kuhusu Fungu Yasini. Jambo la kufurahisha ni kwamba fungu hilohilo ndilo la nyanya sokoni. Kumbe kutoka kwenye rundo hadi kwenye kina kifupi si mbali, hata kwetu.

Njia ya pili ilipita Italia. Wabadilishaji fedha wa huko walifanya kazi juu ya meza au benchi, lililoitwa "banca". Jina la benchi likawa jina la biashara, na Waingereza wakalipokea mwishoni mwa karne ya 15. "Bankrupt", yaani aliyefilisika, linatokana na maneno ya Kiitalia yenye maana ya benchi lililovunjika. Husimuliwa kwamba aliyeshindwa kulipa alivunjiwa benchi lake hadharani. Ipokee kama hadithi, kwa sababu "kuvunjika" kwa Kiitalia ni pia kushindwa. "Bench" la Kiingereza nalo ni la mzizi uleule. Kwa hiyo benki na benchi zetu ni ndugu, hata kama mwenye kukaa kwenye moja hana chochote kwenye nyingine.

Njia ya tatu ni Kifaransa, kutoka benchi la wapiga makasia merikebuni. Hapo ndipo ilipotoka "bank" ya safu: safu ya swichi, safu ya lifti.

Maana ya fedha imezaa nyingine, ile ya akiba. Mwaka 1937 daktari Bernard Fantus wa hospitali ya Cook County, Chicago, aliiita akiba yake ya damu "blood bank", nasi tukapata benki ya damu.

Sasa, utazitofautishaje maana hizi? Tazama majirani wa neno. "On the bank" karibu kila mara ni ukingoni. "At the bank" au "in the bank" ni kwenye fedha. Likifuatwa na "of", usihukumu kabla ya kusoma nomino inayofuata: ya mto ni ukingo, ya swichi ni safu, ya ukungu ni wingu zito lililotanda. Likiwa kitenzi, lina mitego zaidi. "To bank on" ni kutegemea. "To bank a fire" ni kuvumbika moto kwa majivu uendelee kufuka polepole. Ndege ikisemwa "banks", imeinamia ubavu inapokata kona. Na fomu ikikuuliza "Who do you bank with?", andika jina la benki yenye akaunti yako.

Katika kamusi, usiishie kwenye kidahizo cha kwanza. Kamusi nyingi hulitenga "bank" katika vidahizo kadhaa vyenye namba, kila kimoja na asili yake.

Aliyeko Uingereza akumbuke pia "bank holiday". Sheria ya mwaka 1871, iliyosukumwa bungeni na John Lubbock, mwenyewe mwenye benki, ilizifunga benki siku maalumu. Leo ni sikukuu ya umma: ofisi nyingi hufungwa, maduka mengi hufunguliwa kwa saa chache, na mabasi mara nyingi hufuata ratiba ya Jumapili.