Rafiki Akikuomba Pishi, Mpe na Dalili Zake

Mtu akila mahamri yako akayapenda, neno linalofuata linajulikana: "Shoga, nielekeze." Nawe unajibu palepale mlangoni, yeye keshavaa viatu: unga, sukari, tui, iliki, hamira, ukande, uache uumuke, ukaange. Hujaficha kitu. Hata hivyo mwenzio akienda kujaribu kwake, mahamri yanatoka magumu, yamekunywa mafuta, na yeye anaamini umembania siri. Siri haikuwepo. Kilichokosekana ni yale ambayo mkono wako unayajua na mdomo haukuyataja: unga uwe laini kiasi gani, mafuta yawe moto kiasi gani, na kazi ikifika wapi ndipo uendelee. Ukitaka pishi lako lifike kwa rafiki likiwa zima, hayo ndiyo ya kumpa.

Anza kwa kupima, na usipime kwa kukumbuka. Siku utakayopika kwa ajili ya watu wako, weka mzani mdogo mezani na daftari kando, upime kila kitu kabla hakijaingia chomboni. Mzani ni bora kuliko kikombe kwa sababu vikombe vya nyumbani havilingani. Kikombe cha vitabu vya mapishi ni mililita 250. Bilauri ya chai ya nyumba nyingi huzidi hapo, na kikombe cha kahawa hakifiki hata nusu yake. Unga nao una tabia zake: ukiujaza kwa kijiko bila kuushindilia, kikombe kimoja ni kama gramu 125, lakini ukichota moja kwa moja kwenye mfuko na kukandamiza, unaweza kufika 150. Kwa nusu kilo ya unga, tofauti hiyo inatosha kuugeuza unga wa mahamri kuwa mgumu usioumuka vizuri. Kama mzani huna, angalau tumia kikombe kimoja kwa vitu vyote na umwambie mwenzio ni kikombe gani. Kijiko cha chakula ni mililita 15, cha chai ni 5. Andika "cha chai" au "cha chakula" kila mara. Neno "kijiko" peke yake limeharibu vyakula vingi.

Kazi ngumu ni kupata vipimo vya wazee. Mama au bibi aliyepika miaka arobaini hapimi, na ukimuuliza sukari kiasi gani atakujibu "kiasi tu, mwanangu, utaona mwenyewe." Ni jibu la kweli, ila halisaidii mtu aliye mbali. Usimwambie atie kwa kikombe, maana atabadilisha mkono wake na chakula hakitakuwa chake. Mwombe apike kama kawaida, na kabla hajaanza wewe pima mfuko wa unga, mkebe wa sukari, chupa ya mafuta na hata kikopo cha chumvi. Akimaliza, pima tena. Kilichopungua ndicho alichotia. Kwa tui, weka jagi lenye alama za mililita achotee humo. Mpe shikamoo yake, mwambie unataka pishi hili lisipotee, kaa kimya umtazame, na maswali yaache mpaka sufuria imeepuliwa. Wazee wengi husema mambo ya maana wakiwa wamekaa na chai baada ya kazi.

Vipimo vikishapatikana, andika dalili. Nitaonyesha kwa mahamri kwa sababu ndiyo yanayoombwa sana na ndiyo yanayoshinda wengi.

Kwa nusu kilo ya unga wa ngano: sukari gramu 100, hamira ya chenga kijiko kimoja na nusu cha chai, iliki iliyotwangwa wakati huohuo kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo sana, samli kijiko kimoja cha chakula, na tui zito lililopashwa moto likawa vuguvugu, kama mililita 250 mpaka 280. Vuguvugu maana yake utie kidole na kidole kikae humo bila kuungua. Tui likichoma kidole litaiua hamira, na hapo hata ungoje mpaka usiku unga hautainuka. Mimina tui kidogokidogo, kwani unga mmoja hunywa kuliko mwingine. Kanda dakika 10 hadi 15. Wengi huacha mapema, unga ungali unanata mkononi na kukatika ukiuvuta. Dalili ya kuacha ni hii: shika ndewe la sikio lako, kisha ushike unga; ulaini uwe mmoja.

Funika, acha uumuke mpaka uwe mara mbili ya ulivyokuwa. Usimwandikie mtu "saa moja" ukaishia hapo. Dar es Salaam mwezi wa Februari saa moja inatosha na kuzidi. Iringa au Nairobi mwezi wa Julai unga huohuo utataka saa mbili au zaidi. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi polepole bila kujaa lote, tayari. Gawa madonge sita, sukuma kila moja duara lenye unene wa nusu sentimita, kata vipande vinne, viache tena dakika 20 mpaka 30 chini ya kitambaa. Mapumziko haya ya pili ndiyo yanayorukwa na watu wenye haraka, nayo ndiyo yanayofanya hamri lifure likawa wazi ndani.

Mafuta nayo yana jaribio lake. Dondosha kipande kidogo cha unga: kikizama na kukaa chini, ngoja, kikipanda juu mara moja na kuzungukwa na mapovu madogo, anza, kikigeuka kahawia kabla hujahesabu kumi, punguza moto. Ukishatia hamri, lichotee mafuta ya moto kwa kijiko ulimwagie mgongoni. Litafura mbele ya macho yako. Geuza chini kukipata rangi ya dhahabu. Utapata mahamri 24, ambayo kwa mbaazi za nazi yanatosha watu sita.

Ukiangalia maelezo hayo utaona kila hatua ina alama ya kujua imekamilika, na mahali panapoharibika pametajwa. Pishi lolote lina pahali pake pa kuharibikia, mara nyingi pamoja au pawili tu. Mwonyeshe mwenzio hapo, hata ukisahau mengine.

Wali wa nazi ni mfano mwingine. Kwa vikombe 2 vya mchele natumia nazi moja kubwa, tui zito kikombe 1, tui la pili vikombe 2 na nusu, na chumvi kijiko kimoja cha chai. Tui la pili linainjikwa kwanza na chumvi, likorogwe mpaka litokote ili lisikatike, ndipo mchele uingie. Maji yakipungua mpaka ukaona vishimo juu ya mchele, mimina tui zito, geuza mara moja kwa mwiko, funika na upalie. Pahala pake pa kuharibikia ni kipimo cha tui, na kipimo hicho kinategemea mchele. Mchele mpya wa mavuno ya karibuni bado una unyevu, hutaka tui pungufu. Ukiupa sawa na mchele uliokaa ghalani utashikana. Basmati iliyorowekwa nusu saa inatosheka na vikombe 3 kwa jumla. Kwa hiyo usimwambie rafiki "mchele" tu. Mwambie kama ni wa Kyela, pishori ya Mwea, au basmati ya dukani, na kama uliuroweka.

Sikio nalo linafanya kazi hapa. Wali ukiwa bado una maji unasikika ukitokota; maji yakiisha, sauti inabadilika ikawa ya kukaangika taratibu, kwa kuwa mafuta ya tui yamefika chini na ukoko unaanza. Kutoka hapo ni dakika chache tu. Anayetaka ukoko angoje, asiyetaka aepue.

Mweleze pia jiko lako. Anayepikia mkaa hupunguza makaa chini na kuyaweka mengine juu ya mfuniko, wali ukaiva kwa moto wa juu na chini. Mwenye gesi hana moto wa juu. Ashushe moto mpaka mwisho, aweke tava la chapati chini ya sufuria ili moto usiume mahali pamoja, na aweke kitambaa safi chini ya mfuniko kinywe mvuke, ncha zake azikunje juu zisifikie moto. Kisha kuna kimo cha mahali. Mombasa maji huchemka kwa nyuzi 100, ila Nairobi, iliyo juu ya mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, huchemka kwa nyuzi 94 hivi. Ndiyo maana maharage au mbaazi zinazoiva pwani kwa saa moja na nusu huchelewa sana Nairobi, na mwenye nazo hulaumu mbegu. Mpe dalili ya punje kupondeka kati ya vidole viwili, wala usimpe saa.

Ndugu na marafiki walio Muscat, Sharjah au Ulaya hawana nazi ya kukuna kila siku, kwa hiyo sema kinachobadilishika na kisichobadilishika. Kopo la tui la mililita 400, likiongezwa maji kikombe kimoja na nusu hadi viwili, linatosha wali wa vikombe 2 vya mchele. Hamira mbichi inaweza kuchukua nafasi ya ile kavu, ila kipimo chake ni kama mara tatu kwa uzito. Iliki ya unga iliyokaa kabatini mwaka mzima haichukui nafasi ya iliki iliyotwangwa sasa hivi. Bora apunguze vingine vyote kuliko hiyo. Viungo vya pilau vitaje kwa umbo lake: andika "bizari nyembamba, mbegu ndefu za kahawia", kwani Unguja utasikia uzile, na mtu wa bara akiagizwa binzari bila maelezo anaweza kurudi na manjano. Picha ya pakiti hukata shauri hili kwa sekunde moja.

Hata hivyo, kwa mtu aliye karibu, njia iliyo bora kuliko zote ni kupika pamoja, kwa sharti moja: mwenye pishi asishike mwiko. Rafiki ndiye akande, ndiye akaange vitunguu vya pilau mpaka viwe rangi ya kahawia nzito bila kuungua, ndiye aonje chumvi. Wewe simama pembeni useme "bado" na "sasa". Ni vigumu kuvumilia, hasa ukiona vitunguu vinakaribia, lakini mtu aliyegusa unga kwa mkono wake mara moja anajua zaidi ya aliyetazama mara tano. Ukiwa mbali, mpigie simu ya video wakati anapika yeye. Ukipika wewe akakutazama, hapo ni maonyesho tu.

Yako mambo ya afya ambayo usiyaache kwa kudhani yanajulikana. Kama chakula kina karanga, korosho, ufuta au kamba, sema mwanzoni kabisa, maana kuna wenye kudhuriwa navyo vibaya. Maharage mekundu yarowekwe usiku kucha, maji yake yamwagwe, kisha yatokote kwa nguvu angalau dakika 10 kabla ya kupunguziwa moto. Yakipikwa kwa moto mdogo tangu mwanzo hubaki na sumu inayotapisha. Na wali unaompelekea mtu kwa kontena usikae nje zaidi ya saa mbili. Kuna bakteria wa mchele ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemka, na sumu wanayoiacha haiondoki kwa kupasha moto. Wali wa nazi nao huchacha upesi kuliko wali mweupe. Utandaze upoe haraka, uuweke kwenye friji.

Anayepokea naye ana wajibu wake. Pika mara ya kwanza kama ulivyoelekezwa, bila kupunguza sukari wala kuongeza pilipili, ili ujue chakula chenyewe kilivyo. Mara ya pili ni yako. Ukimaliza, mrudishie mwenye pishi habari kwa undani: unga ulikuwa mgumu, tui lilizidi, ilichukua saa ngapi. Kwa habari hizo yeye hurekebisha daftari lake, na rafiki wa tatu atapata pishi lililonyooka zaidi. Na unapolipitisha mbele, taja lilikotoka: "hili la mama yake fulani wa Tanga." Ni heshima, na pia mtu akikwama anajua pa kuuliza.

Kama nyumbani kwenu yupo mzee mwenye pishi ambalo halijawahi kupimwa, nenda Jumamosi hii na mzani na daftari. Mpelekee unga na nazi mwenyewe.